Kipimo kilifika mwisho, video haikufika

Nahariri video za harusi kwenye chumba kidogo juu ya duka la simu, Luthuli Avenue, Nairobi. Wateja wengi huniletea diski zao za nje niwajazie kazi yao. Jumamosi moja mama wa bibi harusi alisimama mlangoni, mkoba begani. "Kijana wangu, gari la Murang'a litaniacha." Kipimo cha kunakili, kile kistari kinachojaa kwenye skrini, kilipofika mwisho, nikachomoa waya, nikamkabidhi. Jioni akapiga simu: ibada ya kanisani inafunguka, lakini nyanya akiwabariki maharusi hakuna, faili inakataa kabisa. Bahati nakala yangu nilikuwa nayo. Lakini sauti ya yule mama sikuisahau.

Natumia Linux, mfumo endeshi wa kompyuta kama Windows, na hapo ndipo nilipolazimika kuielewa. Unaponakili, mfumo huipokea data kwenye RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta, kwanza, kisha huiandika kwenye diski kwa mwendo wa diski yenyewe. Kipimo kinaweza kujaa data ikiwa bado njiani. Nilinakili video ya GB 12, kipimo kilipoisha nikaandika grep Dirty /proc/meminfo, amri inayoonyesha data inayosubiri kuandikwa. Zaidi ya GB 1 ilikuwa haijaandikwa! Nilirudia amri hiyo mara kadhaa, namba ikishuka polepole, na taa ya diski ikipepesa muda wote huo. Diski za wateja nyingi ni exFAT, mfumo wa kupanga faili kwenye diski, ambao hauna jarida, yaani kumbukumbu ya kazi inayoendelea, la kuusaidia kujirekebisha kazi ikikatwa katikati.

Kwenye Windows 10, tangu toleo la 1809 la mwaka 2018, diski za nje huwekwa katika hali ya kuondolewa haraka, yaani data haingojeshwi kwenye RAM, kwa hiyo hatari imepungua. Bado usichomoe inapoandika.

Sasa naangalia kwanza kwa lsblk, amri inayoorodhesha diski, diski ni ipi, halafu naitenganisha na mfumo kwa udisksctl unmount -b /dev/sdb1. Amri hiyo hairudi mpaka kila kitu kiwe kimeandikwa, hata ikichukua dakika nzima. Ikikataa na kusema diski inatumika, amri ya lsof na jina la folda ya diski hunionyesha programu gani imeishikilia. Mara nyingi ni programu yangu ya kuhariri niliyosahau kuifunga, au terminali, dirisha la kuandikia amri, iliyobaki ndani ya folda. Wapo wanaokimbilia umount -l, amri ya kuitenganisha bila kungoja. Mimi naikataa kabisa: folda hutoweka machoni, ilhali uandishi unaweza kuwa unaendelea nyuma.

Kwa diski zenye sahani zinazozunguka naongeza udisksctl power-off -b /dev/sdb, amri ya kuizima diski nzima, ili vichwa vya kusomea viegeshwe taratibu badala ya kukatiwa umeme ghafla. Naweka kiganja juu ya diski. Mtetemo unapungua, unakuwa mwembamba, kisha kimya. Hapo ndipo nachomoa.

Yule mama alirudi na diski ileile, safari hii harusi ya kijana wake. Nilimpa kiti kabla sijaanza kunakili, nikamwambia, "Mama, leo tutangoja pamoja." Akaketi, mkoba mapajani, akiitazama ile taa pamoja nami mpaka ikazimika.