Kabla hujanunua ngozi mpya, ipindue kwanza floo tomu yako

Nasikiliza dramu nyingi za makanisani hapa Dar, na hadithi ni ile ile. Sneya, ile ndogo yenye nyaya chini, inalia vizuri, kiki, ile kubwa ya kupigwa kwa mguu, inagonga kifuani, halafu mpigaji anashuka kwenye floo tomu, ile nene inayosimama kwa miguu yake mitatu, na kinachotoka ni "pu", kama kapiga ndoo iliyojaa maji. Mchungaji hana habari, kwaya haina habari. Mimi ndiye ninayekosa raha mpaka mwisho wa ibada.

Vijana wakiniuliza, "Kaka, ninunue ngozi gani?" huwa nawaambia wasubiri. Shika rimu, ile pete inayobana ngozi, kwa mkono mmoja, inyanyue tomu mpaka miguu isiguse chini, uipige. Kisha itue, uipige tena. Kama mvumo ulikuwepo hewani na umekufa ilipotua, tatizo si ngozi. Mtikisiko unashuka kupitia miguu mitatu ya chuma na kumezwa na jukwaa, hasa haya majukwaa yetu ya plaiwudi yaliyo wazi chini. Raba za miguu nazo zikizeeka zinakuwa ngumu kama jiwe. Nenda kwa fundi wa makochi, muombe mabaki ya sponji ngumu ngumu, weka kipande chini ya kila mguu. Isiwe laini sana, tomu itayumba ukiipiga. Hakuna kifaa cha dramu nilichonunua Kariakoo kilichonipa faida kubwa kama vile vipande.

Sasa ipindue. Ngozi ya chini kwenye dramu nyingi ni ile ile iliyotoka nayo kiwandani, na skrubu zake hazijaguswa tangu siku hiyo. Wapigaji wanahangaika na ya juu kwa sababu ndiyo wanayoiona, lakini ya chini ndiyo yenye neno kubwa kuhusu mvumo utadumu kiasi gani na sauti itasimama wapi. Ikilegea upande mmoja, hata uiwambe ya juu kwa ustadi wa namna gani, tomu itakoroma tu.

Ivue ngozi hiyo ya chini. Pitisha kidole kwenye ukingo wa mbao uone kama kuna pengo au uvimbe, futa vumbi. Kaza na zile nati za ndani zinazoshika vishikio, maana mlio wa "chakachaka" mara nyingi unatoka hapo. Rudisha ngozi, kaza skrubu kwa vidole mpaka zigome, ndipo ushike ufunguo wa dramu. Robo mzunguko, kisha skrubu inayotazamana nayo, robo tena. Usizungushe kwa kufuatana kama saa, ngozi itakaa upande. Mikunjo ikiisha, gonga taratibu kwa kijiti karibu na kila skrubu, kama sentimita tatu kutoka kwenye rimu, na usikilize. Zote ziimbe noti moja. Hapo ndipo kwenye kazi, na hapataki haraka. Lala chini usikilize kama ni lazima. Wazee wa msondo huipasha ngoma moto na kuigonga, kuipasha na kuigonga, mpaka ikubali, wala hawaangalii saa.

Ya juu fanya vivyo hivyo, ila iache na sauti ya chini zaidi, imekazwa kidogo tu kupita pale mikunjo inapopotea. Kwa lugha ya kwaya: ya juu ikiwa do, mimi naipeleka ya chini kwenye mi. Ukiziweka zote mbili kwenye noti moja, mvumo utakuwa mrefu mno, mzuri kwa jazi, lakini kwa kwaya yenye kinanda na gitaa la besi unaziba kila kitu.

Kuhusu selotepu, leso na pedi ambazo watu wanabandika: vua zote kwanza. Tomu iliyowambwa sawa inahitaji kipande kidogo tu pembeni, pengine isihitaji kabisa. Na ukiamua kununua ngozi, ya juu chukua ya tabaka mbili, inavumilia vijiti na sauti yake ni nene. Ya chini tabaka moja, nyembamba. Tomu ya inchi 16 inataka hivyo. Ya inchi 14 usiilazimishe ishuke kama ya 16, itapoteza noti na kubaki na kishindo tu.

Nyaya za sneya zitaanza kutetema kila ukiipiga tomu. Ipandishe au ishushe tomu kidogo, itapungua. Ile inayobaki, watu wa benchi la tatu hawaisikii.

Halafu zungumza na fundi mitambo kabla ya ibada. Kipaza sauti kikae vidole vitatu juu ya rimu, kielekee katikati ya ngozi, naye apunguze kidogo pale kwenye 400 Hz palipo na ule uboksi, sauti ya kama kugonga boksi tupu. Akikuambia tomu yako sasa ina besi nyingi, mwambie ashushe mikono, asiguse kitu mpaka aisikie ikiwa na kwaya nzima.