Betri nyepesi ya pikipiki: volti 12.7 zilivyonidanganya

Alhamdulillahi, leo nimetoka Wete hadi Konde bila kupiga kiki hata mara moja, basi naandika.

Betri yangu ya asidi, kilo tatu na ushee, ilikufa. Nikaweka ya lithiamu, haifiki kilo moja. Kwenye matope ya Ngezi unaihisi tofauti. Siku ya nne stata ikawa inalia tik tik tu. Nikabadilisha fyuzi, nikabadilisha rilei (swichi inayopeleka umeme kwenye stata), wapi! Mita ilisoma 12.7, nikasema betri nzima.

Hapo ndipo nilipopotea. Kwa betri ya asidi, 12.7 imejaa. Kwa lithiamu hii ya fosfeti ya chuma ni karibu tupu. Iliyojaa husoma kama 13.3 ikiwa imepumzika. Kumbe chaji haiingii! Nikawasha pikipiki kwa kiki, nikavuta mafuta, nikapima kwenye vichwa vya betri: 13.2. Inatakiwa ipande 14 na kitu, isipite 14.6. Nikaufuata waya wa hasi hadi kwenye fremu. Chini ya bolti, kutu ya kijani ya chumvi ya bahari. Msasa, bolti mpya, grisi kidogo. Nikapima tena: 14.3.

Kisanduku nimekijaza sponji, maana betri yenyewe ndogo, ilikuwa ikicheza.