Mnara wa Siloamu na ndege ya Gagarin

Neno la juma: Luka 13:1-5

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Nilikuwa na miaka 11 niliposikia jina la Yuri Gagarin, Mrusi aliyekuwa mtu wa kwanza kwenda angani, kwa mara ya kwanza, kwenye mkutano wa injili uwanjani. Mhubiri alisema mtu huyu alirushwa juu na chombo, akachungulia dirishani, akasema huku hakuna Mungu. Kisha mhubiri akashusha sauti: Mungu akamsubiri, na baada ya miaka saba akaanguka na ndege akafa. Uwanja mzima uliguna. Niliibeba hadithi ile mpaka nikawa mtu mzima, na mwaka juzi nikawasimulia vijana wa darasa langu la Jumapili, nikishusha sauti palepale aliposhushia yeye.

Majuzi mmoja wa vijana hao aliniuliza: mwalimu, Gagarin aliyasema hayo wapi? Sikuwa na jibu. Nikaenda kutafuta.

Safari yake ilikuwa tarehe 12 Aprili 1961, dakika 108 tangu kuruka mpaka kutua. Mazungumzo yake ya redio yamechapishwa, na neno lile halimo. Aliyetamka kitu cha namna hiyo hadharani ni mwanaanga mwenzake, Gherman Titov, akiwa Seattle, Marekani, mwaka 1962. Na rafiki yake Gagarin, kanali Valentin Petrov, alieleza baadaye kwamba maneno yale yalikuwa ya Khrushchev, kiongozi wa nchi yao ya Kisovyeti, yakabandikwa kinywani mwa kijana aliyekuwa maarufu kuliko watu wote duniani. Petrov anasema pia kwamba Gagarin alikuwa amebatizwa. Sitamtangaza kuwa mtakatifu, hiyo si kazi yangu. Ila nimemshuhudia uongo mtu asiyeweza kunijibu, na nimefanya hivyo nikiwa nimeshika Biblia mkononi.

Kisha nikasoma habari za siku aliyokufa, na hapo ndipo niliposhindwa kulala.

Ilikuwa Jumatano, 27 Machi 1968. Gagarin alikuwa na miaka 34. Mwaka mmoja kabla, rafiki yake Vladimir Komarov alikufa akirudi kutoka angani, na Gagarin ndiye aliyekuwa mbadala wake katika safari ile. Wakubwa waliogopa kumpoteza na yeye, wakamzuia kwenda tena angani. Alikuwa amekaa muda mrefu bila kurusha ndege ipasavyo, kwa hiyo ilimlazimu apimwe upya kabla ya kuruhusiwa kuruka peke yake. Siku ile alipanda MiG-15UTI, ndege ya mafunzo yenye viti viwili, mwanafunzi mbele na mwalimu nyuma. Yeye alikaa mbele.

Wapendwa, nimekaa sana na kiti hicho. Mtu aliyepokewa na wafalme na marais, picha yake ikining'inia kwenye kuta za dunia nzima, anakubali kukaa tena mahali pa mwanafunzi. Laiti yule mhubiri angelijua hili, angepata mahubiri ya kweli bila kuhitaji kumzushia mtu neno.

Nyuma yake alikaa Vladimir Seryogin, mwenye miaka 45, rubani aliyeruka mapigano karibu mara 200 katika Vita Kuu ya Pili na akarudi salama. Waliondoka uwanja wa Chkalovsky, karibu na Moscow, baada ya saa nne na robo asubuhi. Mawingu yalikuwa yametanda kwa matabaka. Ilipofika kama saa nne na nusu, Gagarin akaarifu kwa redio kwamba zoezi limekwisha, akaomba kurudi. Muda mfupi baadaye alipoitwa hakujibu. Ndege ilikuwa imeanguka msituni, karibu na kijiji cha Novosyolovo, wilaya ya Kirzhach. Mwanaanga Alexei Leonov, aliyekuwa akisimamia mafunzo ya miavuli si mbali na hapo, alisikia milio miwili mizito. Kuna waliotumaini kwamba Gagarin aliwahi kujirusha na mwavuli. Kesho yake kikapatikana kipande cha koti lake la urubani, na mfukoni kuponi ya kifungua kinywa.

Mkewe, Valentina, alikuwa amelazwa hospitali. Binti zao walikuwa na miaka minane na saba.

Kuhusu chanzo, hati zilizofunguliwa mwaka 2011 zinasema huenda walikata kona ghafla wakikwepa puto la hali ya hewa au kilele cha wingu. Leonov alisema mwaka 2013 kwamba ndege nyingine ya kivita iliwapita karibu mno, hewa yake ikawapindua. Wanabishana juu ya mawingu, puto na upepo wa ndege.

Sasa niambieni, Seryogin alikosa nini? Kama ndege ilianguka kwa sababu ya neno la Gagarin, yule wa kiti cha nyuma alikufa kwa neno gani? Katika miaka yote niliyosimulia hadithi ile sikuwahi hata kumtaja. Angeniharibia somo.

Wale watu kumi na wanane walioangukiwa na mnara kule Siloamu walikuwa tayari midomoni mwa watu. Bwana angeweza kuwatumia wapendavyo wasikilizaji wake. Alikataa. Aliuliza kama wanadhani waliokufa walikuwa wakosaji kuliko wengine wa Yerusalemu, akajibu mwenyewe kwamba sivyo, kisha akawageuzia toba waliosimama mbele yake wakiwa hai. Na sisi je? Mtaani kwetu bodaboda akigongwa, kabla maiti haijatoka mochwari tayari yupo anayeijua dhambi iliyomuua. Mjane anayasikia akiwa amekaa kwenye mkeka. Nimeketi katika misiba ya namna hiyo, na nimetikisa kichwa kukubali.

Jumapili hii zamu ya darasa la vijana ni yangu tena. Kijana aliyeniuliza nimemwomba asikose. Nitaanza kwa kuwaomba radhi, kisha nitawatajia jina la Seryogin, halafu tutafungua Luka 13 na yeye ndiye atakayesoma. Mniombee.