Rispa na Wapagazi Wasiorudi

Somo: 2 Samweli 21:8–14

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa.

Rispa hasemi neno hata moja katika Biblia nzima. Alikuwa suria wa Sauli, mjane wa mfalme aliyeanguka, mama asiye na mtetezi. Wanawe wawili, Armoni na Mefiboshethi, walitolewa na mfalme Daudi pamoja na wajukuu watano wa Sauli wakatundikwa mlimani ili njaa iliyoipata nchi iishe, walipe damu ya Wagibeoni ambayo aliyeimwaga ni Sauli, si wao. Miili ikaachwa pale pale. Mama huyu akatandika gunia juu ya mwamba, akakaa tangu mavuno ya shayiri yalipoanza hadi mvua iliponyesha, akifukuza ndege mchana na wanyama usiku. Hebu fikirini harufu ile. Fikirini usingizi.

Nimemleta Rispa juma hili kwa sababu tuko Novemba, mwezi wa kuwaombea marehemu, na tarehe 11 wanakumbukwa waliokufa vitani. Moyo wangu uko kwa wapagazi wa vita vya 1914 hadi 1918. Katika koo nyingi za Afrika Mashariki habari zao zimebaki sentensi moja tu: alichukuliwa vitani, hakurudi.

Ugomvi ulikuwa wa Waingereza na Wajerumani. Mzigo wakabeba wakulima, wachungaji na vibarua wetu. Mahali reli ilipoishia, na mbung'o walipokwisha kuua farasi, nyumbu na ng'ombe, kilichobaki ni kichwa cha mtu. Upande wa Waingereza peke yake watu wapatao milioni moja walipitia kazi hiyo, na wengi hawakuulizwa kama wanataka. Wajerumani nao walifanya vivyo hivyo. Wanahistoria wanakadiria kwamba wapagazi waliokufa upande wa Waingereza walikaribia 100,000.

Na si risasi iliyowamaliza. Mtu aliyezoea ndizi au wimbi alipewa unga wa mahindi uliosagwa ovyo. Jioni yuko hoi, mvua inanyesha, kuni mbichi, ugali hauivi. Anaula hivyo hivyo kwa sababu ya njaa. Alfajiri tumbo linamkata, anaharisha damu, na mzigo wa kilo 25 hivi unamngoja. Kuhara, malaria, nimonia na njaa viliwaua wengi kuliko bunduki. Aliyeanguka njiani, mzigo wake ulipewa mwingine na safari ikaendelea.

Vita vilipokwisha, Waingereza walikuwa na tume ya makaburi ya vita, iliyoundwa 1917 kwa nia njema kabisa: kila aliyekufa akumbukwe sawa na mwenzake, bila kujali cheo. Lakini huku kwetu makaburi ya wazungu yakaandikwa majina, na ya wapagazi yakaachwa msitu uyameze. Mwaka 2021 tume hiyo hiyo ilitoa ripoti ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Serikali ya Uingereza ikaomba radhi bungeni. Nashukuru waliomba radhi, ingawa mama zao wapagazi hao walikuwa wamekwisha kufa zamani, wengi wao bila kujua mtoto amelala wapi.

Kuna pia suala la mshahara. Wengi walikufa kabla ya kulipwa, na kwa kuwa ndugu zao hawakujulikana au hawakutafutwa, fedha ile haikufika nyumbani. Mtume Yakobo anasema ujira uliozuiliwa unapiga kelele, na vilio vya waliovuna vimeingia masikioni mwa Bwana wa majeshi (Yakobo 5:4). Kila nikisoma aya hiyo nawaza jina hilo la Mungu, Bwana wa majeshi. Wapagazi hawakuhesabiwa kuwa wanajeshi, lakini Bwana wa majeshi amewasikia.

Pale Nairobi, kwenye barabara ya Kenyatta, sanamu iliyosimamishwa 1928 inawataja kwa Kiswahili kuwa ndio waliokuwa mikono na miguu ya jeshi. Ni maneno mazuri. Ila Mtakatifu Paulo alikwisha kuonya kwamba kichwa hakiwezi kuiambia miguu, “Sina haja na ninyi” (1 Wakorintho 12:21), na kuwaacha porini bila jina ni namna ya kuwaambia hivyo.

Turudi kwa Rispa. Hakuwa na uwezo wa kuwafufua wanawe, wala wa kumshitaki mfalme. Alikataa tu kuondoka. Habari zake zikamfikia Daudi, na Daudi akainuka, akakusanya mifupa, akaizika kwa heshima katika kaburi la ukoo, hata ya Sauli na Yonathani iliyokuwa imekaa mbali miaka yote hiyo. Angalieni mpangilio wa aya ya 14: ni baada ya mazishi hayo ndipo Mungu akaisikia nchi. Si baada ya kuwatundika wale saba.

Juma hili, kabla hamjapeleka parokiani majina ya marehemu wenu, mketi na mzee wa ukoo mmuulize: nani alichukuliwa vitani? Alitoka boma gani, aliacha mke, aliacha mtoto? Iwe vita vile vya kwanza, au vile vya pili vilivyowapeleka vijana wetu hadi Burma. Jina likipatikana, liandikeni. Lisipopatikana, andikeni “kaka yake babu, mpagazi”, na padre asome hivyo hivyo altareni.

Tuombe. Bwana wa majeshi, uliyeona gunia la Rispa mwambani, uwapokee ndugu zetu waliokufa wakibeba mizigo ya watu wengine. Majina tuliyoyapoteza wewe unayo. Utupe wazee wanaokumbuka, nasi utupe muda wa kuwasikiliza wangali hai. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.