Kopo la "Asili 100%" lina nini?

Jana nilikuwa dukani natafuta siagi ya karanga ya mtoto. Kopo la kwanza linavutia kweli: jani la kijani, picha ya shamba, ASILI 100%. Nikaligeuza nyuma. Karanga, sukari, chumvi, mafuta ya mawese. Haya, hakuna rangi ya kiwandani. Ila karanga zenyewe zilipigwa dawa gani zikiwa shambani? Hapo kopo kimya.

La pili lebo imekaa upande, lakini lina nembo ya Kilimohai, alama ya kilimo hai ya Afrika Mashariki. Viwango vyake vilipitishwa mwaka 2007: hakuna mbolea za chumvichumvi, hakuna viuatilifu vya viwandani, hakuna mbegu za GMO (zilizobadilishwa vinasaba), na shamba lazima likaguliwe. Wakulima wadogo wanaweza kukaguana kwenye vikundi vyao, na mimi hilo ndilo nalipenda zaidi. Mkaguzi wa mjini utamzungusha, jirani anayepakana na shamba lako humwezi.

Hata Marekani ni hivyo hivyo. Nyama iliyoandikwa "natural", yaani asili, maana yake haikuchakatwa sana wala kutiwa viungo bandia. Ng'ombe alikula nini, shauri yake. Ya "organic", yaani ya kilimo hai, ina sheria zinazofika hadi kwenye malisho.

Bei ya Kilimohai ilinikata maini, nikachukua kopo dogo. Wa Dar, mchicha wenye nembo hii mnaupata wapi?