Kunguru wa Marangu kanilia lanchi ya elfu ishirini na tano

Niseme mapema tu kwamba sikufika kileleni na wala sikupanga kufika. Hela yangu iliishia kambi ya Horombo, mita 3,720, tena kwa kujibana, maana Kilimanjaro kila kitu wanakupigia bei ya kubebwa kichwani, na ukiangalia kweli kimebebwa kichwani. Kiingilio kwa sisi Watanzania sio tatizo, shida ni hivi vya pembeni. Kutoka Moshi mjini hiace inakushusha Marangu Mtoni, pale unatafuta Noah ya kukupandisha getini, dereva akiona begi kubwa mgongoni nauli inapanda yenyewe. Halafu kampuni iliyotuchukua (siitaji, wanajijua) ikaniuzia lanchi boksi elfu ishirini na tano. Ndani kuna kipapatio cha kuku, yai la kuchemsha, ndizi, kikeki na juisi ya kijiboksi. Kwetu Shinyanga hela hiyo unapata kuku mzima, yuko hai na anakuangalia.

Njia ya kwenda getini inapita katikati ya vihamba vya Wachaga, yale mashamba ya kuzunguka nyumba. Chini magimbi, juu yake kahawa, juu yake migomba, halafu juu kabisa miringaringa na mifuruanje imetandaza kivuli, kila mmoja anakula jua lililobaki kwa mwenzake. Ukishaingia geti mpangilio ni uleule ila hakuna aliyeupanda, mikulo mikubwa juu, vichaka katikati, chini kigiza na tope. Mbega tuliwaona wamekaa tu kwenye matawi, mdada mmoja wa kundi letu akasema hawa wavivu. Muongozaji akamjibu, "Dada yangu, angekuwa anakula majani mchana kutwa na wewe ungekaa tu." Majani hayana nguvu nyingi, na tumbo la mbega linatumia muda mrefu kuyavunjavunja, kwa hiyo anabana matumizi. Nilimwelewa sana huyo mbega, na mimi nilikuwa nabana matumizi.

Usiku wa Mandara, kambi ya kwanza, nauruka, ni baridi na mtu anayekoroma, basi.

Asubuhi tukatoka msituni na hapo ndipo nilipoanza kushangaa, kwa sababu msitu hauishi taratibu kama nilivyodhani, unakatika. Mara uko chini ya miti yenye ndevu za kijivu zinaning'inia, mara uko kwenye uwazi, vichaka vinakufika kiunoni na katikati yake vijiti vyeusi vimesimama vimekauka. Muongozaji akasema huo ni moto wa Oktoba 2020. Ulianza jioni ya tarehe 11 maeneo ya Whona, hukohuko kati ya Mandara na Horombo, ukawaka siku nyingi, wanafunzi wa Chuo cha Wanyamapori Mweka wakapanda kusaidia kuzima pamoja na watu wa vijijini. Akachuchumaa kwenye kisiki kimoja akakipangusa kwa kidole, masizi bado yapo, na kwenye shina lilelile chini kabisa karibu na udongo kuna machipukizi kibao, yana vijani vidogo vyembamba kama sindano. Huo mti kitaalamu unaitwa Erika. Ukichomwa unakufa juu tu, mzizi unabaki hai unasubiri. Ukiuacha miaka mingi bila moto unarudi kuwa mti mrefu na msitu unarudi, ila moto ukija kila baada ya muda mfupi unabaki kichaka milele, na majani yanachukua nafasi, na yale maua makavu meupe ambayo ukiyashika yanalia kama karatasi.

Sasa hapo mbele kidogo kuna sehemu ya kulia lanchi, meza za mbao na mabenchi. Nikakaa, nikatoa boksi langu, nikalifungua kwa heshima zote za elfu ishirini na tano. Kunguru walikuwepo ila sio hawa wa Dar wembamba wenye kelele. Hawa ni mijitu, mdomo mnene umepinda na una ncha nyeupe, shingoni nyuma wana doa jeupe utasema padri. Mmoja alikuwa ametua kwenye meza ya jirani anaangalia upande mwingine kabisa kama hana habari na mimi. Nikachukua kipapatio. Sijui niseme nini, nilisikia upepo sikioni, kivuli kikapita, na mkono wangu ukawa mtupu. Nageuka kumfokea, mwenzake wa pili ambaye hata sikuwa nimemuona kashatua mezani kachukua yai, zima, akalibeba kwa utaratibu kabisa hadi kwenye jiwe akaanza kulimenya, anatoa ganda vipande vipande na kulitupa pembeni, mimi namwangalia, yeye ananiangalia, hajali. Wagumu, ndio wabeba mizigo wa mlimani, wakacheka mpaka mmoja akaweka mzigo chini. Nikakimbilia kuokoa ndizi, kurudi nyuma nakuta wa tatu yuko kwenye begi la yule mdada, anavuta zipu. Anavuta zipu jamani! Kashika kile kidude kwa mdomo anarudi nacho kinyumenyume. Akatoa pakiti ya biskuti na kuondoka.

Nilipomuuliza muongozaji kama kampuni italipa akasema, "Kaka, hiyo ni kesi yako na kunguru." Mgumu mmoja akanikatia nusu ya chapati yake, na hiyo nusu ndiyo iliyonifikisha Horombo.

Nikiwa natafuna chapati ya watu ndipo nikakumbuka biolojia ya sekondari, ile asilimia kumi. Raymond Lindeman aliandika mwaka 1942 jinsi nguvu ya jua inavyopungua kila inapopanda ngazi, mmea unaliwa na panya, panya analiwa na mwewe, na kila hatua sehemu kubwa inapotea kama joto, kwa makadirio ya kawaida inapita kama moja ya kumi. Ndio maana panya ni wengi na mwewe wa kuhesabu. Sasa kule juu baridi inafanya mimea ikue taratibu mno, kwa haki kunguru walitakiwa wawe wachache na wamekonda. Walivyonenepa vile ni kwa sababu jua wanalokula halikuwaka mlimani. Liliwaka kwenye mashamba ya mpunga na mahindi huko chini, likafungwa kwenye viroba, likapimwa getini, kilo 20 kwa mgumu, likapandishwa kwa shingo za vijana wa Marangu. Horombo ni hivyohivyo, vipanya vyenye mistari minne mgongoni vinapita chini ya miguu ya watu jikoni bila woga, vinaokota wali. Kwa hiyo kipapatio changu kimeingia kwenye mfumo, sawa, ila risiti ninayo mimi.

Jioni ukungu ukapanda. Muongozaji akanionyesha miti ya Erika iliyosalimika kwenye bonde, inadondosha maji wakati hakuna mvua. Ukungu unashikwa na vile vijani na ndevu, unakuwa matone, unaingia ardhini. Kila mtu analilia barafu, na kweli tangu 1912 imepotea zaidi ya asilimia 80, lakini mtafiti Andreas Hemp wa Chuo Kikuu cha Bayreuth Ujerumani ameonyesha kwamba kwa maji ya watu wa chini, msitu huu wa juu unaoungua ni hasara kubwa kuliko hiyo barafu. Yaani mifongo, ile mifereji ya Wachaga inayonywesha vihamba, inategemea vichaka ambavyo mtalii anavipita bila kupiga hata picha, kamera imeelekea kilele cha Kibo.

Kilichonikosesha usingizi Horombo sio baridi, ni kisiki kile. Kwetu Shinyanga tuliitwa jangwa la Tanzania, wazee walikata miti kufukuza mbung'o na kulima pamba, ng'ombe wakamalizia. Mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulivyoanza 1986, kilichofanya kazi zaidi ni ngitili, desturi ya zamani ya Wasukuma. Unafunga kipande cha malisho mvua zikianza, hakuna mfugo kuingia, mpaka kiangazi. Hupandi mti. Majani yanakuja kwanza, halafu vichaka, halafu migunga inachipua kwenye mizizi iliyokuwa imelala chini miaka yote, ndege wanarudi, kuni zinapatikana. Babu alikuwa na yake na baada ya msiba imegawanywa.

Nilivyorudi Moshi stendi nikampigia baba mdogo kumuuliza ile ngitili ikoje. Akasema wameshaanza kuingiza mbuzi, malisho yameisha, nilitaka wafe? Tukabishana mpaka vocha ya kwanza ikaisha nikaweka nyingine. Tumekubaliana kipande cha juu kisiguswe, cha chini wachunge. Mbuzi wa shangazi hawakuwepo kwenye mazungumzo.