Kwa Gari-Nyumba kutoka Likoni hadi Wundanyi

Gari-nyumba letu ni Toyota Coaster ya dizeli ambayo zamani ilikuwa ikibeba abiria, kabla ya kung'olewa viti na kutiwa kitanda, jiko, sinki, tangi la maji na makabati. Muda mwingi hulazwa uani kwa shemeji yangu kule Mtongwe, upande wa Likoni, ambako upepo wa bahari haupati kizuizi. Anayelitazama kwa nje huona gari moja, ila mwenye kulitunza hutambua upesi kwamba ana mali mbili zilizounganishwa, kila moja na maradhi yake: gari huharibika kwa kusimama, na nyumba huharibika kwa kutembea. Safari tuliyoifunga mwishoni mwa kaskazi, mimi, mke wangu na shemeji, kwenda Wundanyi katika milima ya Taita, ilituonyesha maradhi yote mawili, na ndiyo sababu ninaisimulia zaidi kwa upande wa matengenezo kuliko wa mandhari.

Kazi ya kwanza ilikuwa kupambana na chumvi. Hewa ya pwani ina unyevu wenye chumvi, na chumvi hiyo haianzi kula bodi inayoonekana, bali huanza chini ya gari na kwenye viungio vya umeme. Fundi wa umeme tuliyemwita, mzee mmoja wa hapo Likoni, hakugusa injini kwanza. Alitandika gunia, akalala chini ya gari, akautafuta waya wa hasi unaofungwa kwenye chesisi, akaulegeza kwa spana na kutuonyesha: chini ya kichwa cha boliti shaba ilikuwa imegeuka unga wa kijani, na nyuzi kadhaa zilikatika alipozigusa kwa ukucha tu.

"Mwanangu," aliniambia, "taa zikififia watu hukimbilia kununua betri mpya, na betri haina kosa lolote."

Aliukata mwisho ule uliooza, akatia kichwa kipya, akaisugua chesisi kwa msasa hadi chuma kikang'aa, akafunga, kisha akapaka mafuta ya mgando juu yake ili unyevu usipenye. Pampu ya maji, ambayo kwa muda ilikuwa ikikoroma bila kusukuma, ilianza kazi papo hapo.

Mzee huyo huyo alitueleza jambo ambalo kila mwenye gari la aina hii anapaswa kulijua. Coaster nyingi za dizeli hutumia umeme wa volti 24 unaotoka kwenye betri mbili za volti 12 zilizofungwa kwa mfululizo, ilhali taa, feni, pampu na friji za nyumba kwa kawaida ni za volti 12. Wapo mafundi ambao, kwa kutaka wepesi, huchota volti 12 kutoka kwenye betri moja kati ya zile mbili. Matokeo yake ni kwamba betri hiyo hubaki na njaa huku nyingine ikichajiwa kupita kiasi, kwa kuwa alteneta, mashine ya gari inayochaji betri, huzihesabu zote mbili kuwa kitu kimoja, na mwishowe zote hufa kabla ya wakati wake. Njia iliyo sawa ni nyumba kuwa na betri yake yenyewe, inayochajiwa na paneli za sola juu ya paa, na gari likiwa linatembea, na kifaa kinachozishusha zile volti 24. Betri ya asidi iliyojaa na kupumzishwa husoma karibu volti 12.7; ikifika 12.2 imebaki takriban nusu, na kuizoesha kushuka chini ya hapo ni kuifupishia umri. Gari likikaa wiki nyingi bila kuwashwa, saa na king'ora huinyonya betri kimyakimya, kwa hiyo sola isizimwe gari linapolazwa.

Matairi nayo huzeeka yakiwa yamesimama, hata kama kashata zake, yaani sehemu inayokanyaga barabara, bado ni nzima. Kwenye ubavu wa tairi, baada ya herufi DOT, kuna tarakimu nne za mwisho zinazotaja wiki na mwaka lilipotengenezwa: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Jua la Mombasa hulikausha tairi likapasuka nyufa ndogo ubavuni, na gari-nyumba, ambalo huwa limebeba mzigo wake usiku na mchana hata likiwa uani, huliumiza zaidi. Sisi huyafunika kwa turubai na kulisogeza gari kidogo mara kwa mara ili uzito usikae mahali pamoja. Upepo hupimwa asubuhi kabla ya kutembea, tairi likiwa baridi. Kwa Coaster yenye matairi pacha nyuma, lile la ndani ndilo husahaulika, kwa sababu kulifikia ni kazi, nalo likiisha upepo lile la nje hubeba mzigo wote bila dereva kuhisi chochote hadi lipasuke.

Barabara ya Dongo Kundu, inayotoka upande wa kusini na kupita juu ya madaraja ya Mteza na Mwache hadi Miritini, ingetuepusha na kisiwa cha Mombasa kabisa, lakini tulikuwa na fundi wa gesi wa kumwona Majengo, mtaa wa kisiwani, kwa hiyo tulivuka kwa feri. Mwenye gari lenye mkia mrefu uliopita magurudumu ya nyuma hana budi kuyatazama maji kabla ya kushuka Likoni. Wakati wa bamvua, yaani siku za maji makubwa, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hapa Mombasa huzidi mita 3, na maji yakipwa gari hushuka sehemu ndefu zaidi ya mteremko, yenye majimaji na utelezi, kabla ya kuufikia mlango wa chuma wa feri. Hapo kwenye pembe ndipo mkia hukwaruza, na kitu kinachoning'inia chini kuliko vyote huwa ni bomba la maji machafu ya sinki. Tulisubiri maji yajae, shemeji akashuka kutuongoza kwa mkono, tukaingia kwa mwendo wa konokono bila kugusa chuma. Bomba lenyewe sasa limepandishwa na kufungwa kwa mkanda wa chuma, jambo ambalo ningemshauri kila mwenye gari kama hili alifanye kabla hajalivusha popote.

Majengo tulikaa kwa muda mfupi. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo ikivuja haitoki kwa dirisha, bali hutuama sakafuni, na ndani ya gari lililofungwa hilo ni hatari kubwa. Kabati la mtungi wetu wa kilo 6 limezibwa lisipitishe hewa upande wa chumba, na chini yake kuna tundu linalotokea nje ya gari. Fundi alifungua mtungi, akapaka povu la sabuni kwenye kila kiungio, na kwenye nati ya regyuleta vikatokea vipovu vidogo vidogo, kimoja baada ya kingine, kutoka mahali ambapo pua zetu sote hazikuwa zimenusa lolote. Alibadilisha mpira uliokakamaa, akapaka povu tena, pakatulia. Kanuni yetu ni kwamba mtungi hufungwa kwenye koki yake mwenyewe kabla injini haijawashwa, wala haitoshi kufunga koki ya jiko.

Kuanzia Changamwe hadi Mazeras barabara hupanda kutoka pwani, na hapo ndipo uzito hujitangaza. Lita 1 ya maji ni kilo 1, kwa hiyo tangi letu la lita 100 likijaa ni sawa na watu wazima mmoja na nusu waliokaa pamoja nyuma ya ekseli. Uzito uliowekwa nyuma ya ekseli ya nyuma huinua pua ya gari na kuyapunguzia magurudumu ya mbele mshiko, na usukani huwa mwepesi kwa namna isiyopendeza, hasa lori kubwa linapokupita na kukusukumia upepo. Tuliondoka Mombasa na robo ya tangi tu, tukijua kwamba tutajaza Voi. Vitu vizito, yaani zana, jeki, unga na vyakula vya mikebe, viliwekwa chini katikati ya ekseli mbili, na makabati ya juu yakapewa nguo na matandiko. Wengi hupenda makabati ya mvule kwa ajili ya fahari. Mimi nayaona ni kununua mafuta ya kubebea mbao. Plaiwudi nyembamba yenye fremu inatosha.

Baada ya Mariakani na Samburu nyika ya Taru hufunguka, joto likapanda na malori yakawa yanafuatana kwa foleni. Tulisimama Mackinnon Road, kwenye msikiti ulio na kaburi la Seyyid Baghali, ambapo madereva wengi husimama kuzuru, na shemeji, aliyewahi kuendesha malori ya masafa marefu, akafanya alichofanya kila kituo: alizunguka gari akigusa kila gurudumu kwa nyuma ya kiganja. Tairi au kitovu chenye joto kuliko wenzake kina tatizo, iwe ni breki inayoshika, beringi inayochoka au upepo uliopungua. Upande wa kushoto nyuma alikuta jiwe lililobanwa kati ya matairi pacha, akaling'oa kwa nyenzo. Jiwe kama hilo lingeendelea kula ubavu wa tairi hadi Voi.

Voi tulilala ndani ya ua wa nyumba moja ya wageni, kwa malipo madogo ya kuegesha. Sioni hekima ya kulala kando ya barabara kuu. Ua wenye mlinzi hugharimu kidogo, hukupa bomba la maji na choo, na pia sakafu iliyo sawa, kitu ambacho friji ya gesi huhitaji ili ipoe sawasawa. Tulijaza maji na kutia dawa ya klorini kwa kipimo cha kwenye chupa. Choo cha mkebe, kile cha kubebeka kinachotiwa dawa, tulikimwaga kwenye choo cha shimo kwa idhini ya mwenyewe. Tangi la septiki si mahali pake, kwa kuwa dawa za choo hicho huua vijidudu vinavyolifanyia kazi.

Kutoka Mwatate kwenda Wundanyi barabara hupanda kwa kona kali zinazofuatana, kutoka nyika ya joto hadi mji ulio zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari. Tulizima kiyoyozi chini kabisa ya mlima, tukateremsha gia mapema kabla injini haijalemewa, na macho yakawa kwenye mshale wa joto. Ulipoanza kupanda tuliwasha hita ya ndani, jambo linaloonekana la kichaa kwa mtu wa Mombasa, ila hita huchota joto la injini na kulitupa chumbani. Mshale ukiendelea kupanda hata hivyo, simama mahali salama, iache injini ingurume taratibu kwa dakika chache, wala usifungue kifuniko cha redieta kikiwa moto. Redieta yetu haitiwi maji ya kisima, kwa sababu visima vingi vya pwani vina chumvi. Tunatia kipozeo kilichochanganywa na maji yaliyosafishwa.

Wundanyi ilikuwa zamu ya nyumba kuugua. Skrubu za kabati la sinki zilikuwa zimelegea kwa mtikisiko, na bawaba moja ilining'inia kwa skrubu moja. Tulizibadilisha kwa boliti zenye nati zilizo na pete ya nailoni ndani, ambazo hazijifungui zenyewe. Usiku ukawa wa baridi, tukafunga madirisha yote, na kulipopambazuka kuta zilikuwa zimelowa kwa pumzi zetu na chini ya godoro pamekuwa na unyevu.

"Shemeji, fungua tundu la paa hata kama ni baridi," aliniambia shemeji, mwenye uzoefu wake, nasi tukafungua usiku uliofuata na kuta zikakaa kavu. Godoro sasa limewekwa juu ya mbao zenye nafasi kati yake, ili hewa ipite chini na ukungu usiote. Mvua ilinyesha pia, na kwa kuwa viungio vya paa vilikuwa vimezibwa upya kwa gundi ya poliyurethani, hatukuona tone. Silikoni naiepuka juu ya paa, kwa maana ikishazeeka hakuna kitu kingine kinachokubali kushika juu yake.

Kuteremka ndiko kulikonifanya nimshukuru shemeji. Yeye huteremka kwa gia ile ile ambayo angepandia, breki ya ekzosi, ile inayoziba moshi ili injini ipunguze mwendo, ikiwa imewashwa, na breki ya mguu huikanyaga kwa nguvu kwa muda mfupi kisha huiachia, badala ya kuiegemea kwa upole njia nzima. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, na hewa ya Mombasa ina unyevu tele. Mafuta mapya ya breki ya daraja la DOT 3 huchemka kwa kiwango kisichopungua nyuzi 205 za Selsiasi, lakini yakishanyonya maji kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 140, na mafuta yanayochemka mlimani hutoa mvuke unaoifanya pedali izame bila kushika. Yetu hubadilishwa kila baada ya miaka miwili, iwe gari limetembea au halikutembea.

Tulirudi kwa Dongo Kundu, tukiwa na tangi tupu. Kule Mtongwe tuliosha chini ya gari kwa maji ya bomba yasiyo na chumvi, tukamwaga maji yote ya nyumba, tukaacha milango ya makabati na ya friji wazi, tukafunika matairi, tukaiacha sola ikifanya kazi. Tulichobakiza kabla ya masika ni kuongeza mlango wa pili wa hewa juu ya kitanda na kulihamisha tangi la maji mbele ya ekseli ya nyuma, kazi ambayo fundi wa kuchomelea ameahidi kuianza mara tu tutakapomletea vyuma.